Kupima mistari ya ozoni karibu na maikromita 10

Anayepima ufyonzaji wa ozoni kwa mara ya kwanza huhangaikia kuitenganisha mistari, yaani urefu wa mawimbi mahususi ambao molekuli hufyonza, ilhali kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kujua kiasi cha ozoni kilichomo chomboni wakati mwanga unapita, kwa kuwa gesi hii huvunjika huku ikipimwa.

Hatua ya 1. Tumia chombo cha kioo chenye urefu wa sentimita 5 na madirisha ya floridi ya bariamu, ambayo hupitisha urujuanimno na infraredi pia. Epuka chuma na grisi ya kawaida.

Hatua ya 2. Pitisha oksijeni safi kwenye kizalisha ozoni cha umeme, kisha igandishe ozoni kwa nitrojeni kimiminika na uiondoe oksijeni iliyobaki kwa pampu. Ozoni huchemka kwenye nyuzi −112 na oksijeni kwenye −183, hivyo hutengana vizuri. Lakini ozoni iliyokolezwa hulipuka kwa mshtuko mdogo tu, kwa hiyo tengeneza kidogo sana na ukae nyuma ya ngao.

Hatua ya 3. Jaza chombo ozoni hadi shinikizo la hektopaskali 1. Kwa shinikizo hilo upana wa mstari hutokana hasa na mwendo wa molekuli zenyewe, nao ni takriban sm⁻¹ 0.0019 karibu na sm⁻¹ 1042 (sm⁻¹ ni idadi ya mawimbi katika sentimita moja). Intaferomita, yaani kifaa kinachorekodi mistari, nayo itolewe hewa, la sivyo mvuke wa maji utachora mistari yake juu ya ile unayoitafuta.

Hatua ya 4. Ili kujua kiasi cha ozoni, pitisha mwanga wa taa ya zebaki, nanomita 253.65, katika njia ileile, kabla na baada ya kurekodi. Eneo la ufyonzaji hapo, yaani kipimo cha jinsi molekuli moja inavyofyonza mwanga, ni takriban sm² 1.13×10⁻¹⁷, hivyo ozoni tupu kwa joto la chumba itapitisha robo tu ya mwanga. Ukipita zaidi, gesi yako si ozoni tupu. Fungua kizibo cha taa kwa sekunde chache tu, maana taa yenyewe huivunja ozoni.

Hatua ya 5. Andika usomaji wa manomita (kipima shinikizo) kila baada ya dakika chache. Niliwahi kupoteza nusu siku nikitafuta uvujaji kwa sababu shinikizo lilikuwa likipanda, kumbe molekuli 2 za ozoni zilikuwa zikigeuka kuwa 3 za oksijeni. Siku hizi, nikimaliza, huiacha gesi ivunjike yote: ikiwa ilikuwa safi na chombo hakivuji, shinikizo la mwisho huwa mara 1.5 ya lile la mwanzo.