Namna ya Kusoma Takwimu za Uhalifu kwa Jicho la Sosholojia

Jeshi la Polisi Tanzania, kwa kushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hutoa taarifa za hali ya uhalifu, na magazeti hutangaza kwamba uhalifu umepanda au umeshuka. Msomaji anayetaka kuzielewa akumbuke kwamba kilichohesabiwa humo ni matukio yaliyofika polisi na kuandikishwa.

Kwa hiyo, kwa kila kosa, jiulize nani alikuwa na sababu ya kuripoti. Aliyeibiwa gari lenye bima hukimbilia kituoni, kwa kuwa madai yake ya fidia yanahitaji taarifa ya polisi. Mke aliyepigwa na mumewe anajua kwamba akichukua PF3, fomu ya polisi, ili akatibiwe, jambo limekwisha kutoka nje ya ukoo, na mara nyingi wazee humsihi wayamalize nyumbani. Makosa ya namna hii ndiyo uhalifu uliofichika, na ndiyo sababu Uingereza, tangu 1982, imekuwa ikiwahoji wananchi majumbani kuhusu yaliyowapata, wameripoti au hawakuripoti. Ndiyo sababu pia ongezeko la kesi za ukatili baada ya kufunguliwa kwa Dawati la Jinsia na Watoto kituoni huweza kuwa habari njema, maana waliokuwa wakinyamaza wameanza kusema.

Yapo makosa yasiyo na mlalamikaji, kama vile kupatikana na bangi, kupika gongo, au uzembe na uzururaji. Idadi yake hufuata misako, kwa hiyo isome kama kipimo cha kazi ya polisi. Hapa nadharia ya kupachikwa jina, aliyoieleza mwanasosholojia wa Marekani Howard Becker mwaka 1963, inasaidia sana: vijana wa kijiweni wakishaitwa wahuni hupekuliwa mara kwa mara, wakipekuliwa hukamatwa kuliko wengine, kisha idadi ya waliokamatwa hutolewa kama ushahidi kwamba jina lile liliwastahili. Wakati huohuo ubadhirifu wa ofisini, ambao Edwin Sutherland aliwataka wanasosholojia wenzake wauchunguze tangu 1939, huibuliwa zaidi na wakaguzi, na haki haitendeki tukimhesabu mzururaji tukamsahau mhasibu.

Ukishapima hayo, geuza idadi kuwa kiwango kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923 na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120, yaani ongezeko la takriban asilimia 37, hivyo kosa ambalo matukio yake yaliongezeka kwa asilimia 20 katika kipindi hicho lilipungua kwa kiwango. Tahadhari inahitajika zaidi katika maeneo kama Kariakoo, ambako umati wa wanunuzi na wachuuzi wa mchana huibiwa hapo lakini sensa huwahesabu kule walikolala.