Anzeni na daftari la mahudhurio, si na orodha ya mayatima

Shule nyingi zikitaka kuwasaidia watoto wenye shida nyumbani huanza kwa kuuliza darasani nani kafiwa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Umoja wa Mataifa humhesabu kuwa yatima mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na wengi wao wanaye mzazi aliye hai. Yatima anayelelewa vizuri na shangazi yake anaweza kuwa na nafuu kuliko mwenzake mwenye wazazi wote, baba yu kitandani na mama hatoki kwa kumuuguza. Tafuteni shida yenyewe.

Shida huonekana mapema kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu wa darasa alipitie kila Ijumaa. Siku 3 mfululizo za utoro, au 5 ndani ya mwezi, zitoshe kumfuatilia mtoto. Kisha aangalie ni siku zipi. Anayekosa siku ileile kila wiki huenda ana kibarua. Msichana anayepotea siku kadhaa kila mwezi huenda hana taulo za kike. Anayechelewa kila asubuhi huenda ndiye anayewaogesha na kuwalisha wadogo zake. Kila sababu ina dawa yake, na madaftari mapya hayamrudishi shuleni mtoto anayeuguza.

Nyumbani waende watu 2: mwalimu na mjumbe anayeaminika mtaani, kutoka kamati ya shule ya kuwasaidia watoto hawa, na kwa mtoto wa kike mmoja wao awe mwanamke. Mlezi aambiwe mapema. Kamera ibaki shuleni. Ulizeni nani analala hapa, nani anapika, jana mtoto alikula mara ngapi, nani mgonjwa, cheti cha kuzaliwa kiko wapi. Zungumzeni na mtoto naye kando, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Siku hiyo msiahidi kitu: ahadi isiyotimizwa humfunga mtoto mdomo, na mara ya pili hasemi tena.

Kamati ya watu 5 hadi 7 inatosha, ikikutana kila mwezi. Kila mtoto awe na ukurasa mmoja: shida, hatua, mhusika, tarehe. Daftari lenye kurasa hizo lifungiwe kabatini.

Vitu vikabidhiwe kwa mlezi, kamwe si mbele ya mstari wa asubuhi. Mtoto aliyeitwa jina mbele ya shule nzima akapokee viatu atavivaa kwa aibu, au asivivae kabisa. Sare ziwe 2, moja mwilini na moja kambani, na zifanane na za wengine hadi kifungo. Chakula kipikwe kwa wote. Kikitengwa kwa wachache, hao wachache hukaa na njaa kuliko kuonekana wakipanga foleni.

Cheti cha kuzaliwa msikiache hadi muhula wa mtihani. Kuandikishwa baada ya kuzaliwa ni haki iliyomo katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, lakini mlezi asiye na cheti cha kifo cha mzazi wala kadi ya kliniki huzungushwa kwa miezi. Mjumbe mmoja aandamane naye.

Ndugu wasitenganishwe, na makao ya watoto yawe njia ya mwisho. Mtoto akieleza kwamba anapigwa au anaingiliwa, msimhoji kama polisi. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, mpeleke taarifa kwa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, wala msimwite kwanza mlezi anayetuhumiwa. Mtoto ndiye atakayelipa usiku huo.

Mtoro akirudi, asipokelewe kwa makofi wala maswali. Akae dawati lake lilelile, jirani yake ampe daftari anakili yaliyompita, na mwalimu amtengee dakika 20 baada ya vipindi kwa wiki 2. Akikwama katika hesabu wiki ya kwanza, ya pili atakosa tena.