Kukagua NSU Ro 80 kabla ya kuinunua
Ro 80, gari la kampuni ya NSU lenye injini ya Wankel (rota zinazozunguka badala ya pistoni), ilitoka Neckarsulm, Ujerumani, mwaka 1967, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1968. Sili za ncha za rota, yaani vipande vinavyoziba gesi isivuje, ndizo zilizoiharibia jina, na 1977 ikaacha kuundwa. Basi anzia kwenye sili. Iwashe ikiwa baridi, iendeshe hadi ipate moto, izime, iwashe tena. Ikigoma kuwaka ikiwa na moto, yaelekea mgandamizo ndani ya injini umeshuka. Kila rota ina pande tatu, na geji ya kawaida ya mgandamizo hushika kipimo cha juu tu, hivyo huficha upande uliochoka; tafuta geji ya injini za Wankel. Kula oili kidogo si ugonjwa: pampu huichanganya na petroli makusudi. Ukiendesha, usiegemeze mkono kwenye kichwa cha gia, maana swichi iliyomo huachia klachi.