Kabla hujaaplai udaktari wa mifugo, pitia haya kwanza

Matokeo ya form six yakitoka tu maswali yanaanza, kaka mi nimesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), udaktari wa binadamu naona pointi hazitoshi, niweke vet? Weka, hakuna anayekukataza, ila wadogo zangu hii kozi ni miaka 5, na aliyeingia kwa sababu kwingine kumegoma huwa anajulikana mapema sana. Kuna mambo ya kuyaweka sawa kabla hujabonyeza chochote.

Anza na jina la kozi, maana hapa watu wanachanganya balaa. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine Morogoro, kozi zenye ng'ombe ndani yake ziko zaidi ya moja. Shahada ya udaktari wa mifugo, wenyewe wanaiita BVM, ndo hiyo ya miaka 5 inayokutoa daktari. Sayansi ya wanyama ni miaka 3, kozi nzuri tu, inahusu zaidi ulishaji, uzalishaji na mbegu bora, lakini ukiimaliza husajiliwi kama daktari wa mifugo. Halafu kuna vyuo vya mifugo vya serikali, LITA, Tengeru, Mpwapwa, Buhuri na kwingine, hivyo vinatoa astashahada na stashahada, na wengi wa wale tunaowaita bwana mifugo huko vijijini wametokea huko. Baraza la Veterinari, ndo linalosajili madaktari wa mifugo, lipo kwa sheria ya 2003 na lenyewe linaangalia cheti chako kimeandikwaje, haliangalii mtaani walikuwa wanakuita nani. Kwa hiyo soma jina na namba (code) ya kozi herufi kwa herufi, usimwachie kijana wa steshenari akuchagulie kwa sababu na yeye ana foleni nyuma yako.

Sifa za kuingia ziko kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kinatoka kila mwaka, kiko bure mtandaoni, fungua ukurasa wa chuo chako usome mstari wa kozi yako mwenyewe. Usitegemee skrinshoti ya grupu la WhatsApp, nyingi ni za mwaka juzi. Biolojia na Kemia ndo roho ya hii kozi, na hesabu ya pointi iko wazi, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Ila kumbuka kufikisha kiwango cha chini sio kupata nafasi, nafasi zinagombaniwa. Mwenye stashahada njia ipo pia, GPA isiwe chini ya 3.0 na namba ya AVN, ile ya kuhakiki stashahada yako, kutoka NACTVET, baraza la vyuo vya kati, uiombe mapema, dirisha likishafunguliwa kila mtu anaikumbuka siku moja. Walio Kenya mambo yao ni KUCCPS, mfumo wao wa kupanga wanafunzi vyuoni, na Kabete, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ndo nyumbani kwa hiyo kozi miaka yote.

Makaratasi sasa. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA vyote visome jina moja. Ukiwa Jumanne kwenye cheti cha form four na Juma kwenye cha kuzaliwa utahangaika kwa mwanasheria wakati wenzako wanapanga mabegi. Na kama unategemea mkopo, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza, fomu ya HESLB, bodi ya mikopo, inataka saini na mhuri wa serikali ya mtaa, mdhamini na picha zake, vitu vidogo ambavyo kila kimoja kinakula siku yake.

Sasa hili ndo ningependa ulitilie maanani kuliko yote, na halipo kwenye fomu yoyote. Nenda ukaione kazi. Mtafute afisa mifugo wa kata yenu, mwambie shikamoo, naomba nikufuate hata wiki mbili, wengi wao hawakatai kwa sababu kazi ni nyingi na msaidizi hana. Nenda naye joshoni, nenda machinjioni alfajiri kabla nyama haijapanda bodaboda. Pale utaona mkaguzi anachana ini na kisu kinakwaruza kama kimepita kwenye mchanga, hiyo ni mirija iliyokakamaa kwa minyoo ya ini, na mwenye ng'ombe amesimama pembeni anabembeleza ini lisitupwe. Hapo udaktari ni kujua ugonjwa na pia kujua kusema hapana kwa mzee wa rika la baba yako.

Omba uone na upimaji wa mimba. Glavu ni ndefu mpaka begani, mkono unaingia kwa njia ya haja kubwa, unatoa kinyesi kwanza, halafu unapapasa mfuko wa uzazi kupitia ukuta wa utumbo bila kuona kitu, ng'ombe akikaza misuli mkono unakufa ganzi hapo hapo. Kama hilo likikufanya utamani kujaribu, we ni wa huku. Likikuchefua siku ya kwanza usijali, wengi wanalizoea, ila likikuchefua wiki nzima ujiulize vizuri. Na sio ng'ombe tu, utashika mbwa, kuku, punda na nguruwe pia, kuna wanaoulizia hili kwa sababu za dini, liongee nyumbani mapema badala ya kulikuta maabara.

Ukiwa huko usijifanye jasiri. Kondo la nyuma lililobaki ndani ya ng'ombe halivutwi kwa mkono mtupu, maana ugonjwa wa kutupa mimba (brusela) unaingia kwa binadamu na homa yake inakwenda inarudi mpaka watu wanadhani ni malaria sugu. Mnyama aliyekufa ghafla, damu inamtoka puani na nyuma na haigandi, hapasuliwi kabisa, hicho kinaweza kuwa kimeta, na ukimpasua umevisambaza vimelea kwenye udongo vitakavyokaa miaka na miaka. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya kujikinga ulizia bei yake hospitali kabla hujaenda chuo, na kwenye bajeti weka ovaroli, gambuti na koti jeupe.

Ajira nisikudanganye. Wapo waliokwenda halmashauri, maabara za TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, hifadhini kwenye wanyamapori, wengine wana kliniki za mbwa na paka Dar, wengine kampuni za dawa, na wengine bado wanasubiri. Zungumza na wawili watatu waliomaliza karibuni, uwaulize wanaishije, sio wanafanya nini.

Mwisho ni simu. Laini utakayoijaza kwenye maombi iwe yako, imesajiliwa kwa jina lako, na isipotee. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya kuthibitisha (code) kwa meseji, unaingia kwenye akaunti ya chuo ulichokitaka unathibitisha ndani ya siku walizotoa, na usipothibitisha nafasi inaweza kukupita hata kama jina lako lilikuwa juu kabisa.