Namna ya kuitambulisha timu changa ya habari

Wadogo zangu wa Ngamiani, Tanga, msianze na vyeo. Anzeni na kazi. Cafébabel, jarida la mtandaoni, ilianzishwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 2001 na wanafunzi wa Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi wa vyuo, ikachapisha kwa lugha kadhaa za Ulaya. Sentensi moja tu, tayari unajua ni akina nani na kilichowakutanisha.

Basi andika hivi: "Huyu hurekodi mnada wa samaki pale sokoni Deep Sea, na huomba ruhusa kabla ya kuwasha maiki." Hapo msomaji anamwona mtu. Mfasiri na mhariri wa sauti watajwe pia. Husahaulika mno, na inaniuma.

Picha wapigwe wakiwa kazini. Aliye chini ya miaka 18, mzazi wake aulizwe kwanza.