Kabla ya Kununua Tyubu Mpya ya Mashine ya Leza: Mambo ya Kuzingatia Mombasa

Tyubu ya kioo ya leza ya CO2, ile inayotoa mwale wa kukatia, ikikufia Mombasa, chunguza maji yanayoipoza na unyevu wa hewa kabla ya kumlaumu aliyeitengeneza. Tyubu mpya ikifungwa kwenye maji yale yale, ndani ya chumba kile kile, itaishia pale ilipoishia ya zamani. Kwa hiyo pesa ya tyubu iwe ya mwisho kutoka. Kwanza hakikisha kilichokufa ni tyubu kweli, kisha angalia nafasi, pawa saplai (kifaa kinachoipa tyubu umeme wa volti kubwa), maji na chumba.

Mashine kukata kwa udhaifu si ushahidi kwamba tyubu imechoka. Moshi wa plaiwudi huziba lenzi na vioo vya kuakisi polepole mpaka nguvu ipotee bila mtu kutambua. Safisha lenzi na vioo vyote vitatu kwa pamba na spiriti safi ya isopropili, viache vikauke, ujaribu tena. Kama bado, weka kipande cha akriliki mbele ya mdomo wa tyubu (ncha inayotoa mwale), kabla ya kioo cha kwanza, uvae miwani ya leza, upige mpigo mmoja mfupi. Shimo likiwa na nguvu hapo lakini dhaifu mezani, shida iko kwenye vioo au mpangilio wake. Likiwa dhaifu hapo hapo mdomoni huku ampimita (kipima mkondo wa umeme) ikionyesha mkondo wa kawaida, tyubu imechoka. Rangi nayo inasema: tyubu nzima huwaka waridi inayoelekea zambarau, na iliyoishiwa gesi hupauka ikawa nyeupenyeupe. Sindano ya ampimita isipoinuka kabisa, usinunue tyubu bado. Kagua swichi ya mlango, swichi ya mtiririko wa maji (inayozima leza maji yakisimama) na pawa saplai.

Vipimo vichukue kwa futi ya kupimia, usitegemee maandishi ya wati. Tyubu ya wati 40 kwa kawaida ina urefu wa milimita 700 na kipenyo cha 50. Ya wati 60 huwa kati ya milimita 1,000 na 1,250, na za wati 80 hadi 100 huanzia hapo kwenda juu, nyingi zikiwa na kipenyo cha 80. Wauzaji wengine huandika wati za kilele, zile ambazo tyubu inaweza kuzitoa kwa muda mfupi tu, si zile inazoweza kufanyia kazi kutwa. Tyubu fupi iliyopewa wati nyingi ni ya kutiliwa shaka, maana urefu ndio unaobeba nguvu. Kumbuka pia kwamba ukitoka kipenyo cha 50 kwenda 80 kwenye vishikizo vile vile, katikati ya tyubu inapanda milimita 15, na mwale utapita juu ya kioo cha kwanza. Hakikisha vishikizo vinashuka, na kwamba ncha yenye volti kubwa haitakaribiana na bodi ya chuma.

Pawa saplai lazima ilingane na tyubu. Ya wati 40 huwasha tyubu kwa takriban kilovolti 20. Ukiifunga kwenye tyubu ya wati 80, tyubu itapepesa, itawaka na kuzimika, na mwishowe pawa saplai itaungua yenyewe. Kubwa kwenye tyubu ndogo ni hatari ya namna nyingine: inasukuma mkondo kupita kiasi na kuimaliza tyubu mapema. Kiwango cha juu cha miliampia kimeandikwa kwenye lebo. Kwa wati 40 huwa karibu 18, kwa wati 100 karibu 28. Kama mashine haina ampimita, nunua ya sindano pamoja na tyubu na uiunge kwenye waya wa hasi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hasara inayoizuia.

Sasa maji, na hapa Pwani ndipo penye kazi. Maji ya kisima yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme: volti kubwa huvuja kupitia maji, cheche hupiga, na utando hujijenga ndani ya koti la maji, yaani uwazi wa kioo ambamo maji huizunguka tyubu. Tumia maji yaliyotoneshwa au yaliyoondolewa madini. Yale yanayouzwa petroli stesheni kama maji ya betri yanafaa, ila soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo. Kulanti ya gari usiitie: inapitisha umeme, na Mombasa hakuna baridi ya kugandisha maji. Chila ndogo (mashine ya kupoza na kuzungusha maji) hubeba takriban lita 6, hivyo lita 10 zitatosha kujaza mipira na kubaki na akiba.

Chila yenyewe ina mtego. Aina ya CW-3000 ni feni na redieta tu, haina kompresa, kwa hiyo maji yake hayawezi kuwa baridi kuliko chumba. Mwezi Machi, chumba kikiwa na nyuzi 32, maji yatapita 32, wakati tyubu inataka maji ya nyuzi 15 hadi 25. Hapa nunua yenye kompresa, CW-5000 au CW-5200.

Ukishaipata hiyo chila, usikimbilie kuiweka nyuzi 18. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo Mombasa ni hali ya kawaida, huanza kuacha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini yake. Tyubu ya nyuzi 18 katika hewa hiyo itatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka friji. Jasho likikaa kwenye lenzi ya mdomo, mwale hulichemsha na lenzi hupasuka. Likikaa kwenye ncha ya volti kubwa, umeme huruka kwenda kwenye bodi. Katika chumba kilicho wazi, basi, nafasi ya kuchezea ni finyu mno: ukipoza zaidi inatoka jasho, ukipoza kidogo inachemka. Funga chumba, weka eyakondishena. Kwa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, umande hauanzi mpaka karibu nyuzi 17, na chila unaweza kuiweka 20 au 22 bila wasiwasi. Nunua kipima unyevu kidogo cha ukutani ukisome kila asubuhi, hasa wakati wa masika. Anayepanga kununua tyubu ya wati 100 lakini hana bajeti ya kupoza chumba, afadhali achukue ya wati 60 na tofauti ya bei aiweke kwenye eyakondishena.

Stima nayo inakatika. Inaporudi, mashine inaweza kuwaka huku pampu imekwama au mpira umejikunja, na tyubu bila maji hupasuka ndani ya muda mfupi. Swichi ya mtiririko ndiyo kinga. Ijaribu kwa kukunja mpira wa maji kwa mkono: leza ikubali kuzimika papo hapo. Isipozimika, usifunge tyubu mpya mpaka irekebishwe. Waya wa ardhini uwe umeungwa kwenye fito halisi ya ardhini, si pini tupu ya plagi.

Kwenye ununuzi, mwombe muuzaji picha ya lebo yenye tarehe ya kutengenezwa na karatasi ya majaribio ya tyubu hiyo hiyo. Tyubu huzeeka hata ikiwa dukani, kwa sababu heliamu hupenya kioo taratibu. Iliyokaa stoo mwaka mzima isiuzwe kwa bei ya mpya. Uliza waranti inaanza lini, maana ikihesabiwa tangu siku ya kusafirishwa, wiki za baharini na za bandarini Kilindini zinaila. Mpe wakala wako wa forodha nyaraka mapema, na katika hesabu usisahau VAT ya asilimia 16, ambayo hupigwa juu ya bei, nauli, bima na ushuru kwa pamoja. Ndege hutoza kwa ukubwa wa sanduku, na sanduku la tyubu ni refu.

Likifika, lifungue mbele ya aliyelileta kabla ya kutia sahihi, huku simu ikirekodi. Angalia bomba jembamba la ndani, ule mzunguko wa kioo uliosokotwa, chuchu za maji (vibomba vya kuvishia mipira) na vioo vya ncha mbili. Ufa mwembamba huonekana ukimulika tochi kwa pembeni. Kutoka mjini kwenda Likoni au Nyali libebe kwenye gari, limelala juu ya godoro. Bodaboda hapana.

Siku ya kufunga, chomoa plagi, subiri dakika kadhaa, kisha gusisha ncha ya chanya kwa waya ulioungwa ardhini, uliofungwa kwenye kijiti kikavu cha plastiki. Chaji hubaki hata mashine ikiwa imezimwa, na volti hizo zinaua. Toa maji, piga picha nyaya zote, ndipo uitoe ya zamani. Mpya ikae juu ya vishikizo viwili vyenye raba, kila kimoja karibu robo ya urefu kutoka nchani, na skrubu zikazwe kwa vidole tu. Izungushe mpaka chuchu ya kutolea maji iangalie juu, maji yaingie kwa chini, ili hewa isinaswe ndani. Waya wa chanya uzungushe kwenye pini mara kadhaa bila kuchomelea, uvishe mpira wa silikoni na ujaze silikoni isiyo na harufu ya siki, kwani ile yenye siki hula chuma. Iache saa 24.

Kabla ya kuwasha leza, endesha maji peke yake nusu saa. Inamisha mashine kidogo kila upande mpaka kusibaki hata kiputo kimoja, hasa karibu na ncha ya mdomo, kwa sababu kioo kilichoguswa na hewa badala ya maji ndicho kinachopasuka. Kausha kila tone. Ndipo ubandike masking tepu kwenye kioo cha kwanza na kupiga mipigo mifupi kwa nguvu ndogo, uende kioo kwa kioo, karibu na mbali, mpaka alama zidondoke mahali pamoja kwenye pembe zote za meza. Jaribu kukata akriliki ya milimita 3, uandike miliampia, kasi na joto la maji kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko: miezi ijayo utajua kwa hakika kama nguvu imeshuka. Kazi ya kila siku iwe chini ya asilimia 80 ya mkondo wa juu. Sanduku na sponji zake zihifadhi mpaka waranti iishe, kwa sababu bila hivyo hutaweza kuirudisha ikiwa nzima.