Biskuti za vilivyobaki kabatini

Mdogo wangu ameolewa Korogwe. Wiki moja baada ya Idi alinipigia simu asubuhi na mapema: "Dada, kabati langu limejaa vipakiti vilivyofunguliwa, na hakuna hata kimoja kinachotosha kupikia kitu." Nikamwambia akae hapo hapo mbele ya kabati anitajie kimoja kimoja. Unga wa ngano kikombe kimoja na nusu. Suji nusu kikombe. Kastadi vijiko vitatu chini ya kopo, iliyobaki kwenye futari. Samli robo tatu ya kikombe. Sukari ipo. Hiliki zipo. Tende saba, na karanga kwenye mfuko wa nailoni ambazo hakumbuki alizinunua lini.

Nikamwambia: una biskuti thelathini hapo.

Nitaeleza kama nilivyomweleza yeye, kwa sababu wengi tunavitupa vitu hivi kila mwaka Ramadhani ikiisha, na bei ya samli tunaijua.

Kwanza achana na mapishi yaliyoandikwa kwa vikombe vya mtu mwingine. Shika kipimo kimoja tu: fungu moja la sukari, mafungu mawili ya mafuta, mafungu matatu ya unga, kwa uzito. Yaani gramu 100 za sukari, 200 za mafuta, 300 za unga. Nankatai tunazozizoea pwani hazitoki mbali na hapo. Ukishashika hilo, "unga" unaweza kuwa wa aina tatu zilizochanganywa na "mafuta" yanaweza kutoka makopo mawili, na biskuti itasimama. Kama huna mizani, kwa kikombe cha kupimia cha mililita 250 inakuja hivi: sukari nusu kikombe, samli kikombe kimoja kasoro vijiko viwili vikubwa, unga wa ngano vikombe viwili na robo bila kuushindilia. Yai halimo, na halihitajiki.

Kabla ya kupima, chambua. Hapa nataka usinihurumie mimi wala usiihurumie pesa yako. Unga wenye vidudu viwili vitatu unachekechwa. Unga ulioganda utando kama wa buibui na unaonuka, huo umekwisha. Samli itie kidoleni uinuse, ikiwa na harufu ya rangi ya kupakia milango, biskuti zote zitanuka hivyo hivyo, hiliki haifichi. Karanga zitafune mbili tatu, zikiwa chungu usizitie. Na zikiwa na ukungu, hata punje chache, tupa mfuko mzima. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haina mzaha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na moto wa jiko hauiondoi, uoke, ukaange, uchemshe. Mdogo wangu alifungua ule mfuko wa karanga akakuta unga wa kijani kwenye punje za chini. Nikamwambia asizitie kwenye biskuti na asiwape kuku pia.

Beking pauda ya zamani unaijaribu kwa maji ya moto: tia nusu kijiko cha chai kwenye kikombe, ikichemka povu ina nguvu bado, ikikaa kimya ni vumbi tu. Lakini kwa biskuti za kipimo hiki siyo lazima. Nusu kijiko cha chai kwa gramu 300 za unga kinazifanya ziwe nyepesi zaidi, basi. Magadi soda mimi siyatii tena. Niliwahi kuyakadiria kwa jicho wakati wageni wako njiani, zikatoka na ladha ya sabuni, nikazimwaga zote na samli yangu ndani.

Sasa kipi kinashika nafasi ya kipi. Unga wa ngano ndio unaoshikamanisha, kwa hiyo nusu ya unga wako iwe ngano. Nusu inayobaki ni uwanja wako. Suji inaleta mkwaruzo mzuri wa meno, lakini inywe mafuta kwanza, nitaeleza chini. Kastadi inalainisha mpaka biskuti inayeyuka mdomoni, na inaleta rangi na harufu yake, ila isizidi robo ya unga wote maana zitakuwa za kuvunjikia mkononi. Unga wa ulezi uliobaki kwenye uji wa mtoto ni mzuri kuliko watu wanavyodhani, hasa na hiliki. Mkate uliokauka usage uwe chenga, unaingia. Sembe unaingia kidogo, robo kikombe, ukizidi mtu anahisi anatafuna mchanga. Unga wa mchele unaingia bila wasiwasi. Bibi yetu aliyezaliwa Pemba alipika vileja kwa unga wa mchele mtupu, samli, sukari, mayai na hiliki, na hakuna aliyemuuliza ngano iko wapi. Ukitaka kufuata njia hiyo ya mchele mtupu ndipo yai linapokuwa na kazi, la kushikilia.

Kwenye mafuta, samli na siagi hazifanani. Siagi ina maji ndani yake, samli haina, ndiyo maana biskuti ya samli inamumunyika na ya siagi inakuwa ngumu kidogo na kukamatana. Unaweza kuchanganya. Mafuta ya kula ya maji yasizidi robo ya mafuta yote, la sivyo biskuti zinatambaa kwenye trei zinakutana zote zinakuwa moja. Mdogo wangu alikuwa na upungufu wa samli, akajazia vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya alizeti. Hicho ndicho kiasi.

Sukari yetu ina chenga kubwa, na kwenye mafuta haiyeyuki. Isage. Mimi naitwanga kwenye kinu cha hiliki pamoja na hiliki zenyewe, punje sita zilizomenywa, na harufu inaingia ndani ya sukari badala ya kukaa vidoa vidoa. Ukiwa na blenda ni sekunde chache.

Tende zile saba aliziloweka, akatoa kokwa, akaziponda. Ukiziingiza kwenye unga punguza sukari vijiko viwili. Yeye aliamua kuzitia katikati ya biskuti kama kijazo, akapata kumi zenye tende na nyingine tupu.

Nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote: machicha. Hapa kwetu Ngamiani, mjini Tanga, hakuna nyumba isiyokuna nazi, na ukishakamua tui, machicha yanakwenda kwa kuku au jalalani. Yana mafuta bado na yana utamu. Lakini yana maji, na maji ndiyo adui. Mara ya kwanza niliyatia yakiwa yameminywa tu kwa mkono. Biskuti zilitoka nzuri za dhahabu, kesho yake zilikuwa laini kama andazi, siku ya tatu zikaota vidoa vyeupe kopo zima. Tangu siku hiyo nayakaanga.

Unaweka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, unamwaga machicha, unageuza kwa mwiko bila kuondoka. Dakika tano za mwanzo utaona mvuke na yatakuwa yanashikana mabonge, yavunje. Mvuke ukikatika harufu inabadilika, inatoka kwenye nazi mbichi inakuwa kama ya kashata. Endelea. Yakiwa tayari sauti yenyewe inakwambia: ukiyasukuma na mwiko yanacharaza kama mchanga mkavu kwenye bati. Rangi ni ya chai ya maziwa, isipite hapo. Yamwage kwenye sinia yapoe kabisa, kwa sababu yakiwa ya moto yatayeyusha samli. Kikombe kimoja cha machicha mabichi kinashuka kuwa kama nusu. Nusu hiyo iingie badala ya nusu kikombe cha unga usio ngano, siyo juu ya unga wote.

Kuchanganya ni kazi ya dakika kumi. Piga samli na sukari iliyosagwa mpaka igeuke nyeupe na kuwa nyepesi. Samli ikiwa imeyeyuka kwa joto, na Tanga hapa mwezi wa pili inayeyuka kabatini, kalisha bakuli ndani ya beseni la maji baridi mpaka igande kidogo. Tia chumvi, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Mwaga unga wote uliochekechwa, ukusanye kwa mkono. Usikande kama chapati. Ukikanda, ngano inavutana na biskuti inakuwa ngumu ya kuvunja meno. Kusanya tu mpaka donge lishikane, kisha lifunike na uliache nusu saa. Hapo ndipo suji na machicha yanapokunywa mafuta. Ukiruka hatua hii, biskuti za suji zinapasuka na kumwagika.

Baada ya nusu saa finyanga kidonge cha ukubwa wa ndimu ndogo, kibonyeze kwa kidole gumba. Kikipasuka pembeni vibaya, tia kijiko kimoja cha maziwa kwenye donge. Kikinata mkononi na kung'aa mafuta, tia kijiko cha unga.

Na usioke zote. Oka moja. Nasisitiza hili kwa sababu vitu vyako vya kabatini si sawa na vyangu, suji yako huenda ni nene zaidi, samli yako huenda ina mafuta mengine ndani. Biskuti moja ya kutangulia inakwambia yote. Ikitambaa, ongeza vijiko viwili vya unga. Ikibaki kama jiwe na kukauka, ongeza kijiko cha samli. Ikiwa haina utamu, bado hujachelewa. Unapoteza biskuti moja badala ya trei tatu.

Mwenye oveni aweke nyuzi 160 hadi 170, dakika kumi na tano hadi ishirini. Mimi natumia jiko la mkaa, na kwa mkaa iko hivi. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha vidole viwili. Weka vijiwe vitatu vya kukalisha trei isigusane na mchanga. Funika, pasha dakika kumi na tano. Kisha punguza makaa ya chini yabaki theluthi, na theluthi mbili uzipalie juu ya kifuniko cha bati. Biskuti zinaungua chini kabla hazijaiva juu, ndiyo sababu ya mgawanyo huo. Kupima joto, nyunyiza unga kidogo kwenye trei tupu uiingize. Hesabu taratibu mpaka sitini. Unga ukiwa umeshakuwa kahawia, toa makaa. Ukigeuka rangi ya asali karibu na dakika ya tatu, ingiza biskuti.

Usifunue kabla ya dakika kumi na mbili. Ukifunua, majivu yanaanguka ndani na joto linakimbia. Biskuti iliyoiva ina ukingo wa dhahabu, katikati bado imepauka, na ukiigusa ni laini. Hapo wengi wanairudisha motoni, wanaikausha. Itoe hivyo hivyo, iache kwenye trei dakika kumi bila kuigusa. Inakuwa ngumu inapopoa. Ukiinyanyua ya moto inavunjika, hasa yenye kastadi.

Mdogo wangu alipata thelathini na moja. Za tende ziliisha siku ile ile kwa watoto wa jirani, na hizo kwa kweli ndizo za kula mapema, kwa sababu tende inalainisha biskuti. Zilizobaki alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kinachobana, zikakaa wiki mbili.

Masika unyevu unaingia hata kwenye kopo. Zikilegea, zirudishe kwenye sufuria ile ile ya mchanga, makaa machache juu tu, dakika tano, uziache zipoe wazi kabla ya kuzifungia tena.